Kuhusu baba yako na majina ya vitu

Mwanangu Selma,

Umeniuliza kama baba yako, kwa vile siku hizi anasahau majina ya vitu, ameanza maradhi ya bibi yako, yale ya Alzheimer yanayofuta kumbukumbu. Nami nikitaka kukujibu namwona bibi tu, siku ile tulipompeleka kupimwa kumbukumbu mjini İzmir, Uturuki.

Unajua alivyokuwa: hakukanyaga shule, lakini madeni ya kijiji kizima alikuwa nayo kichwani. Daktari kijana akamwambia atoe saba katika mia, kisha aendelee kutoa saba. Aandike sentensi. Anakili pembetano mbili zilizopandana. Bibi yako akaficha mikono chini ya shali. Mikono ile inaniuma mpaka leo. Alama zikahesabiwa katika 30, na kukosa shule kukawekwa kapu moja na kusahau. Na Uturuki hiyohiyo ina kipimo hicho kilichorekebishwa kwa ajili ya wasiosoma! Mtu apimwe kwa maisha aliyoishi. Nimelisema hili sana, na nitalisema tena.

Lakini sikufichi, alikuwa mgonjwa kweli. Kipimo kilimwonea, ila Alzheimer ilikuwepo. Majina ya vitu yalimtoka. Birika likawa “şey”, yaani kitu: “Nileteeni kile kitu cha kumiminia.” Mimi niliyejifunza Kituruki ukweni nilistaajabu, maana vile viambishi wanavyovipanga mkiani mwa neno, vilivyonitoa jasho, kwake vilikaa mahali pake. Hata aliposema marehemu babu yako amekuja jioni ile, kitenzi alikimalizia kama mtu aliyeona kwa macho yake, si kama aliyesimuliwa. Kituruki hutenganisha hayo mawili. Nikamwuliza kama babu amekula. Akasema amekula, tena vizuri. Nilifurahi mno, Selma.

Baba yako je? Neno humpotea, kisha humrudia tukiwa kwenye chai. Bibi yako hayakumrudia. Nataka kusema hiyo ni tofauti kubwa. Lakini mwanzoni bibi naye, yapo yaliyokuwa yakimrudia... Basi, sisemi. Aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, apimwe kwa Kituruki, aulizwe na habari za mizeituni yake. Miadi nitaomba mimi, na nitaingia naye ndani.

Wewe mpigie simu jioni. Akitafuta neno, usimtangulie kulitaja.

Mama yako