Anza na choo kabla ya bomba
Umeuliza ubadilishe nini kwanza ili kuokoa maji, bomba au choo. Mimi nasema choo, bila kusita. Tangi la zamani humwaga lita 13 au zaidi kila unapoflashi. La vitufe viwili hutumia takriban lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa kubwa. Ila kabla hujanunua chochote, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usiflashi kwa nusu saa. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa chini unaozuia maji tangini umechoka, maji yanapotea usiku kucha! Kwenye mdomo wa bomba, weka kichujio kidogo kinachochanganya maji na hewa. Kinafungwa kwa mkono tu.