CBG haikufikishi kwenye udaktari

Mdogo wangu, umesema kidato cha nne una B ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, na umejaza CBG, yaani tahasusi (mchepuo wa kidato cha tano na sita) ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, ukilenga udaktari. Hapo simama kwanza. Fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, angalia shahada ya udaktari: wanataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Jiografia haizibi pengo la Fizikia. Binamu yangu aliligundua hilo akiwa na matokeo ya kidato cha sita mkononi, alilia sana.

D hiyo ya Fizikia inakubana kwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), lakini kwa stashahada ya utabibu, miaka 3, unaweza kuomba, kisha shahada ifuate. Mimi ningeanzia hapo. Au rudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kaa na mzazi leo jioni, kabla dirisha la kubadili tahasusi halijafungwa.