Viatu vya mbwa havitamwokoa Labrador wako jangwani mwezi wa Mei

Mkuu, ahirisha safari hiyo. Umeandika kwamba unaanza Arizona Trail, ile njia ndefu ya kutembea kwa miguu inayokatiza jimbo la Arizona, Marekani, wiki ya kwanza ya Mei kutoka mpaka wa Mexico kwenda kaskazini, na Labrador mweusi wa kilo 28, na unauliza ununue viatu gani vya mbwa, na lile korongo kuu la Grand Canyon utalivukaje naye. Hilo la viatu limenichoma, kwa sababu naona umeshaaminishwa kwamba mbwa akishavaa viatu, jua la adhuhuri si tatizo tena. Ni tatizo, na linaua.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Tezi za jasho anazo kwenye nyayo, na msaada wake ni mdogo sana. Joto lake karibu lote hulitoa kwa kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi na ndani ya pua zenye unyevu. Sasa tazama viatu vinafanya nini. Mchanga na miamba ya jangwa ikishapata moto, nyayo zinauma, mbwa anachechemea, anainua mguu, anakimbilia kichaka. Hiyo ndiyo kengele yake. Ukimvalisha viatu umeizima kengele na moto unaendelea kuwaka: tumbo lake liko sentimita thelathini hivi kutoka ardhini, penye hewa kali kuliko ile inayopita usoni mwako, na manyoya meusi yanakusanya jua kutoka juu. Nyayo zitabaki nzima. Kinachoharibika ni figo, utumbo na mfumo wa kugandisha damu.

Wanaouza viatu hivyo na kupiga picha za mbwa juu ya mwamba saa saba mchana nina hasira nao kwelikweli. Viatu vina kazi yake: miamba yenye ncha, miiba, jeraha la unyayo. Hata hapo unavivua kila mnapopumzika, unakung'uta mchanga, unaangalia kati ya vidole na kwenye kucha ya pembeni kama ngozi imechubuka. Havimpozi mbwa, na havikupi ruhusa ya kutembea naye saa ambazo ardhi imeshakukataza.

Na anayekuambia "mbwa akichoka atakaa chini mwenyewe" hajui Labrador. Ni uzao uliokuzwa kufanya kazi na mtu mpaka kazi iishe. Atakufuata hadi aanguke, na akianguka umeshachelewa.

Kanuni ninayotaka uishike ni hii: saa tatu asubuhi mbwa yuko kivulini, amelala, hata kama mmetembea kilomita saba tu. Unaamka saa tisa usiku, saa kumi alfajiri mko njiani. Usisubiri saa tatu kama ardhi imewahi kuwaka. Weka mgongo wa mkono chini. Ukishindwa kuuacha hapo sekunde saba, simameni. Jioni usidanganywe na jua kuzama, maana miamba hutunza joto, kwa hiyo pima tena kwa mkono kabla ya kuondoka. Gizani mshike kwa kamba fupi, mita moja na nusu, na taa imulike mbele yake, kwa sababu usiku wa joto ndio nyoka wenye njuga hutoka. Kitana cha chuma kiwe mfukoni: kipande cha dungusi kakati aina ya cholla, mmea wa miiba wa jangwani, kikimnasa, unakipachua kwa kitana. Ukitumia vidole kitakunasa na wewe.

Maji. Mbwa aliyepumzika anahitaji mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo wako anakunywa lita moja na nusu akiwa amelala tu nyumbani. Akitembea kwenye joto hesabu mara mbili hadi tatu, yaani lita nne. Ongeza lita mbili zisizonywewa na yeyote, za kummwagia mwilini ikibidi. Pamoja na maji yako unabeba zaidi ya kilo kumi kati ya chanzo na chanzo. Usimbebeshe yeye: begi linafunika mgongo na kuzuia joto kutoka. Mpe maji kidogokidogo kila nusu saa bila kungoja aombe. Malambo ya mifugo utayakuta njiani, ila lenye utando wa kijani au bluu juu yake asiliguse, kwa maana sumu ya mwani huo humuua mbwa ndani ya saa chache, na si chujio la kawaida wala kuchemsha kunakoiondoa.

Dalili za kuzidiwa na joto: ulimi umetanuka na kulegea, mate mazito, fizi nyekundu kupita kawaida, anabaki nyuma, halafu anayumba, anatapika. Ukiona hata mbili za mwanzo, simama hapohapo. Mpoze kwanza, kumsafirisha baadaye. Mwagia maji tumboni, kwenye mapaja kwa ndani, makwapani na shingoni, kisha mpepee. Hewa kavu ya jangwa inafanya kazi nzuri sana hapo. Usimfunike kwa taulo bichi, linageuka blanketi. Usimmiminie maji mdomoni kwa nguvu. Kipimajoto cha njia ya haja kubwa kikifika 39.5, acha kupoza, la sivyo atashuka kupita kiasi. Kisha daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata akiwa anatikisa mkia, kwa sababu figo na damu huweza kuharibika siku moja hadi tatu baadaye.

Ukianza Mei, utafika mji mdogo wa Oracle joto likiwa limepamba moto, na kutoka hapo hadi mto Gila ni karibu kilomita 100 za nchi kavu inayoteremka, kivuli ni cha kutafuta, na joto la kupita nyuzi 35 ni la kawaida. Kisha unapanda tena kuelekea mlima Picketpost. Hapo hakuna ratiba ya alfajiri itakayokutosha kufika kwenye maji.

Grand Canyon chini ya ukingo mbwa haruhusiwi kabisa. Unamwacha kwenye banda la mbwa la South Rim, yaani ukingo wa kusini, ukiwa na cheti cha chanjo, au mtu anamzungusha kwa gari. Hifadhi ya Saguaro National Park njia zake karibu zote zimefungwa kwa mbwa, na nyika ya Pusch Ridge Wilderness vilevile, kwa ajili ya kondoo wa milimani. Pote panga namna ya kupazunguka kabla hujatoka nyumbani.

Kama likizo yako ni Mei tu, acha kusini. Anzia mji mdogo wa Pine, panda genge refu la Mogollon Rim, endelea hadi mji wa Flagstaff: misonobari, kivuli, sehemu kubwa juu ya mita 2,000. Kusini nenda naye mwanzoni mwa Machi, ukijua kilele cha Miller Peak karibu na mpaka kinaweza bado kuwa na theluji. Na huko Pine pia, kabla ya kumvalisha chochote, mkono chini sekunde saba.