Kuigeuza Honda ya Zamani Kuwa Boba

SWALI: Baba mkubwa ameniachia pikipiki ya zamani, Honda CG125, nami natamani kuijenga upya kwa mtindo wa boba, yaani pikipiki iliyopunguzwa vitu visivyo vya lazima. Fundi wangu anashauri tukate fremu ya nyuma na kuondoa shokamzoba. Je, nikubali? — Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, kukata mkia wa fremu kunawezekana, lakini nakusihi shokamzoba uziache. Waendeshaji wa Marekani walioanzisha mtindo huu miaka ya 1930 na 1940 waling'oa madigadi ya mbele na kufupisha ya nyuma ili kupunguza uzito, na fremu zao nyingi zilitoka kiwandani bila shokamzoba za nyuma, jambo ambalo fremu yako haikuundwa kulistahimili, hasa kwenye barabara zetu za murramu. Kata nyuma ya mahali shokamzoba zinapofungwa, kisha uunganishe ncha mbili kwa bomba la chuma lililopindwa, lenye kipenyo kilekile. Betri na tangi la petroli viondolewe kabla ya kuchomelea. Katwe, jijini Kampala, wapo wachomeleaji hodari. Mtafute aliyezoea fremu, si mageti pekee.

Tairi pana hupendeza, ila hakikisha haligusi mnyororo.

Boksi la chujio la hewa, ambalo wengi hulitupa ili katikati ya pikipiki paonekane patupu, mimi ningelibakiza: chujio dogo la wazi huingiza hewa nyingi kuliko kabureta ilivyopangiwa, injini hupata joto kupita kiasi, na utalazimika kuweka jeti (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) kubwa zaidi.