Carpe diem si ponda mali

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilinunua fulana nyeusi iliyoandikwa kifuani maneno ya Kilatini: CARPE DIEM. Niliyafasiri maneno hayo kwa akili za kijiweni: ponda mali, kufa kwaja. Kufikia tarehe 12 nilikuwa nakopa nauli ya daladala, na fulana nimeivaa.

Mwenye maneno ni Horatius, mshairi wa Roma, katika shairi la mistari minane tu lililotoka mwaka 23 KK. Anamsihi mwanamke aitwaye Leuconoe aache kupiga ramli za Kibabeli kutaka kujua mwisho wake. Achuje divai yake, apogoe matumaini marefu, kwa kuwa hapa tunapoongea muda unatutoroka. Kisha: carpe diem, na kesho usiiamini sana.

Wengi husema "ikamate siku." Mimi nasema ichume, maana kitenzi chenyewe ni cha shambani, cha kuchuma tunda au ua. Na hapo Kiswahili kina raha yake: sisi tunachuma matunda, tunachuma na mali.

Aliyenielewesha hasa ni bibi yangu wa Muheza, asiyejua Kilatini hata neno moja. Siku hiyo nilikuwa nautikisa mchungwa ili nimalize haraka. Akaninyang'anya upembo.

"We mume wangu, unachuma au unapigana na mti?"

Akalishika chungwa moja, akaligeuza kwenye kikonyo, akaliacha. "Hili bado, na ukishalikata haliivi tena. Lile pale ndilo la leo. Ukisema kesho, utalikuta chini limetobolewa na ndege."

Basi siku hizi nikiamka sijiulizi nitakula raha gani. Najiuliza kipi kimeiva. Daftari langu lilijaa mipango ya miaka mitano; nimeipogoa. Kilichobaki ni vitu vya leo: kumpigia mteja aliyeuliza bei jana, kumlipa mama ntilie kabla hajanikumbusha, kwenda kuanza mafunzo ya udereva niliyoyaahirisha miaka mitatu. Zipo siku kilichoiva ni usingizi tu, nao nauchuma.

Akiba je? Weka, ndugu yangu. Bibi mwenyewe huyaacha mabichi mtini.

Fulana ile iko Muheza. Huivaa yeye, na kanga kiunoni, akienda shambani.