Fimbo za kuvulia krapi: kabla hujanunua nane za futi 16

Mkuu, umeuliza kama boti yako ya futi 17 ifungwe fimbo nane za futi 16 kwa ajili ya kuvua krapi (samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini) kwa kuburuta chambo polepole kule bwawa la Grenada, Mississippi, Marekani, ule mtindo wa buibui ambao fimbo zote hutandazwa mbele ya omo, yaani pua ya boti. Ningekuambia uchukue futi 12 au 14. Na hiyo nane iache kwanza: mabwawa ya kaskazini mwa Mississippi yana kanuni zake kuhusu idadi ya fimbo kwa mtu mmoja, zisome kabla ya kulipa.

Urefu una kazi mbili tu: kupeleka chambo mbali na kivuli na kelele za boti, na kuitawanya mishipi isishikane. Maji ya Grenada mara nyingi ni ya tope, samaki hashtuki upesi, kwa hiyo futi 12 inatosha. Futi 16 inalipa pale maji yakiwa maangavu na samaki wako juu juu. Kasoro yake ni upepo. Omo likipanda na kushuka upana wa kiganja, ncha iliyo futi 16 mbele inaruka zaidi ya hapo, na chambo kinadundadunda chini. Krapi hana hamu ya kukimbiza kitu cha namna hiyo.

Zote ziwe za urefu mmoja na toleo moja. Ncha zikikaa kwenye mstari mmoja, ile inayocheza tofauti jicho linaidaka papo hapo. Ukichanganya 12 na 16 utakuwa unageuza shingo siku nzima.

Pesa iende kwenye ncha. Nenda dukani na chubwi la nusu aunsi mfukoni, lifunge, kisha ilaze fimbo kama itakavyokaa kwenye kishikio. Ncha ipinde kidogo, takriban upana wa kiganja. Ikibaki imenyooka, ni ngumu mno: utando wa mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi, ndoano itaupasua. Ikiinama mpaka katikati ya fimbo, haina nguvu ya kubeba chubwi. Kupinda huko kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Krapi hula akipanda juu, hivyo mara nyingi hauvuti mshipi, anaulegeza. Dalili utakayoona ni ncha kunyanyuka na kunyooka. Ukisubiri izame ndipo ushtuke, ameshatema.

Mwendo uwe maili 0.3 hadi 0.5 kwa saa. Mshipi ukilala sana kuelekea nyuma, punguza mota kwanza. Kama bado, panda hadi robo tatu ya aunsi, lakini rudia lile jaribio la ncha, maana fimbo laini ya nusu aunsi hapo huzidiwa.

Kupima kina ni rahisi: toa mshipi mpaka chubwi lifike kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Kwa fimbo ya futi 14 umetoa karibu futi 12, na ncha ikiwa futi moja juu ya maji, chubwi liko futi 11 chini ya maji. Samaki akishika hapo, inua fimbo tu, atakuja mwenyewe ubavuni mwa boti. Wageni huzungusha rili mpaka mwisho, samaki anabaki ananing'inia futi 14 mbele yao na hakuna mkono unaomfikia. Nunua wavu wenye mpini usiopungua futi 8.

Fimbo hizi huja vipande viwili au vitatu. Paka kiungo nta ya mshumaa kabla ya kuunganisha. Bila nta hulegea na kuzunguka, pete za mshipi zikaenda upande. Mchanga ukiingia, hunasa, na wengi huvunja fimbo pale wanapoichomoa kwa kuisokota.