Mishumaa ya utambi wa mbao: mmeuliza, najibu

Tangu niseme hapa venye namimina mishumaa kwa glasi kwa jikoni yangu, maswali hayaishi. Nimechukua matano, yale mengine yanafanana tu.

Utambi wangu wa mbao unawaka dakika mbili alafu unazima. Niliuziwa feki? (Kayole)

Hapana dadangu, utambi wako ni mrefu. Karibu kila mtu anayeniuliza hii kitu shida yake ni hiyo hiyo, anafikiria mbao ikibaki ndefu ndio moto utakuwa mkubwa, kumbe mbao hainyonyi nta haraka kama uzi wa pamba, kwa hivyo nta kabla ifike juu moto umeshakula mbao kavu peke yake na umekufa. Kata ibaki milimita 3 hadi 5 juu ya nta, yaani kama sarafu mbili zimelaliana. Najua inakaa fupi sana, we kata tu. Mi natumia kikata kucha. Na kabla uwashe tena siku ingine, mshumaa ukiwa umepoa kabisa, vunja ule mkaa mweusi wa juu na vidole, huo ndio unazuia moto. Wakati wa kuwasha inamisha glasi kidogo ndio moto utembee kutoka kona moja ya mbao hadi ile ingine. Ukikata ikapitiliza na nta ikaufunika, zima, fyonza ile nta ya maji na tishu, jaribu tena.

Naeza tumia vijiti vya aiskrimu? (Kariobangi)

Watu wanatumia, lakini vingi ni vinene, karibu milimita 2, na tambi za kununua huwa kama nusu milimita hadi moja. Ukipata fundi wa fanicha mwenye vipande vya vinia, ile mbao nyembamba sana ya kubandikwa juu ya fanicha, ambayo haijapakwa vanishi wala dawa ya mchwa, hapo umeokoka. Ikate, ikauke kabisa, alafu iloweke kwa mafuta ya kupika kama dakika 20 na uipanguse. Mbao ya kupakwa rangi usiguse, huo moshi utauvuta wewe na watoto.

Natia manukato mengi lakini nyumba hainukii chochote. (South B)

Mengi ni ngapi kaka? Manukato hupimwa kwa mizani, sio kijiko. Kwa nta ya soya anza na asilimia 8: nta gramu 200, manukato gramu 16. Ukizidisha sana yanatoka jasho juu ya mshumaa na yanaziba utambi, unarudi kwa lile swali la Kayole. Tia manukato wakati nta iko nyuzi 80 hadi 85 hivi, koroga dakika mbili polepole, mimina ikishuka karibu 60. Yeyusha kwa sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, na hapa tumebahatika kidogo, Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari kwa hivyo maji yetu yanachemka kwa nyuzi kama 94, nta haiezi kuungua kwa urahisi. Alafu ngoja. Soya inataka wiki mbili kuiva na wewe nadhani uliwasha kesho yake. Ile pafyumu ya kujipulizia mwilini achana nayo, ina alkoholi, haichanganyiki na nta na inashika moto.

Mwingine anasema mshumaa wake umechimba shimo katikati, pembeni nta imebaki ngumu. Uliuzima mapema siku ya kwanza. Mara ya kwanza lazima nta iyeyuke hadi ukutani mwa glasi, hesabu kama saa moja kwa kila sentimita 2.5 za upana, lakini usipitishe saa nne. Kuokoa, zungushia foili juu uache tundu katikati, joto litarudi pembeni.

Glasi yoyote ni sawa? (Rongai)

La. Mimi nilitumia zile nyembamba za juisi, moja ikapasuka usiku tukikula, nta yote ikamwagika kwa stuli na kitambaa cha mama, mpaka leo anakitaja. Chupa nene za jem ziko poa, zioshe zikauke kabisa. Hii baridi ya Julai zipashe moto kidogo kabla ya kumimina, glasi baridi inafanya nta iachane na ukuta ikauke na madoa. Zima ikibaki sentimita moja chini, kwa sababu hapo ndipo glasi inachemka. Na nta ikishika moto kwa sufuria usimwage maji, jamani, italipuka ikurukie usoni. Zima jiko, funika na mfuniko, na uache hivyo mpaka ipoe.

Wa Kayole, ukishakata niambie kama utambi umeanza kulia kama kuni motoni.